Pombe ya Mzee wa Kanisa

Kwanza tuelewane: Mzee wa Kanisa alikuwa hanywi. Si bia, si mvinyo. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kabla ya kuinywa, na ikimnukia vibaya alirudisha kifuniko akaenda kuchemsha tangawizi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi kule Takoma Park, Marekani, walimjua nusunusu, na waliposikia kwamba chumbani kwake kulikuwa na ndoo za pombe zinazotokota, walicheka wakasema, "Ndio hao wazee wa kanisa, mchana Biblia, jioni chupa." Walikuwa hawajui kitu.

Mimi nilikaa juu yake miaka mingi. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, ya zamani, mwenye nyumba ameigawa: mimi juu, yeye chini, nusu ya chumba imezama ardhini. Sakafu yangu ndiyo dari yake. Akikohoa nasikia, akiimba nasikia, akipika harufu inanifikia kabla hajapakua. Mimi mtu wa Tanga, Mwislamu, kazi yangu ilikuwa kutunza wazee wa kizungu majumbani mwao. Yeye mtu wa Bungoma, Kenya, ameokoka, dereva wa basi dogo la kupeleka wagonjwa kliniki. Jina lake silitaji, na yeye mwenyewe hakulijali sana. Alisema jina ni la kuandikia kodi, mtu anaitwa kwa kazi anayofanya. Basi Wakenya, Watanzania, hata kinyozi wetu Mkongo, wote tulimwita Mzee wa Kanisa, na tukaendelea kumwita hivyo hata baada ya kanisa lenyewe kumvua uzee. Mimi aliniita Mama Tanga.

Bahili? Jamani! Mifuko ya nailoni aliifua akaianika kwenye kamba pamoja na soksi. Jumamosi asubuhi alizunguka mitaani kwenye nyumba ambazo wazungu hutoa vyombo vyao vya zamani uani na kuviuza, akashindana nao bei ya kijiko mpaka wakamwambia, "Bwana, chukua tu." Akachukua, akashukuru kwa heshima zote, kisha akauliza kama hakuna na uma wake. Nilimtania kwamba siku ya kiyama ataomba apunguziwe adhabu. Akanijibu bila kutabasamu, "Kuuliza si dhambi, Mama Tanga."

Lakini bahili huyohuyo, theluji ikianguka, nilikuwa naamka nakuta ngazi zangu zimekwisha kufagiliwa na kumwagiwa chumvi. Nikimshukuru anasema chumvi ilikuwa imebaki. Kila mara ilikuwa imebaki.

Kanisani alikuwa mtu mwingine kabisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la Wakenya, wanapanga ukumbi wa wazungu na kuingia mchana wenyewe wakishatoka. Nilikwenda mara moja, kwenye harusi, akasimama kutoa neno. Alaa! Sauti ile ya pole inayoniomba vitunguu kila wiki ilipanda mpaka darini. Aliwasema walevi, akasema chupa imekula nyumba za Bungoma kuliko njaa, akasema yeye amekuwa mtoto wa nyumba hiyo na anajua anachosema. Bwana harusi mwenyewe aliinamisha kichwa. Mimi nikajisemea, huyu mzee ana donda.

Donda alikuwa nalo. Mama yake alikuwa mpika busaa, ile pombe nzito ya mahindi na kimea cha ulezi. Busaa ndiyo iliyomsomesha, na busaa ndiyo iliyomlaza baba yake mtaroni. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alikunywa busaa, akahamia chang'aa, gongo ya kwao, mpaka alipookoka. "Mimi nimelelewa ndani ya kimea," aliniambia siku moja tukikaa kwenye ngazi. "Nimepanda ndege nikavuka bahari ndiyo nisisikie hiyo harufu tena." Na bado, miezi michache baada ya maneno hayo, harufu ya kimea ilipanda kutoka chumbani kwake ikaingia kwenye mapazia yangu.

Alikuwa na mwana mmoja, Wekesa. Mkewe alifariki mapema, kijana akaletwa huku akiwa na miaka kumi na miwili, akakulia kati ya Kiswahili cha baba yake, Sheng ya kwenye simu na Kiingereza cha shule. Mrefu, mcheshi, na adabu anayo. Alipata kazi kwenye duka moja kubwa Columbia Heights, mjini Washington, akaikosa, akapata nyingine, akaikosa nayo. Alikuwa anakunywa ile pombe kali nyeupe, chupa ndani ya mfuko wa karatasi, pale nje ya stesheni ya treni. Watu wa kanisa walimpita wakitazama simu zao. Mwaka mzima hakukanyaga kwa baba yake, maana kila alipokuja alihubiriwa, na mtu mwenye kiu hahubiriki.

Sasa sikieni ilivyoanza. Abiria mmoja wa Mzee, mzungu aliyekatazwa pombe na daktari, alikuwa na mchezo wa kujipikia bia nyumbani. Akampa Mzee ndoo zake, kile kifuniko chenye kijibomba cha kutolea hewa, na makopo ya shira ya shayiri, nzito kama asali. Kitu cha bure, Mzee akakataa? Alichukua akijua moyoni kwamba makopo atayatupa na ndoo zitakuwa za maji. Bahati ikawa siku hiyo Wekesa amekuja kuchukua koti lake la baridi. Amesimama mlangoni, hataki hata kuketi, mara akayaona makopo mezani.

"Buda, una-brew beer? For real?"

Buda, yaani baba kwa Sheng yake. Akacheka, akavuta kiti, akaketi. Akayageuza makopo, akasoma maandishi, akamwuliza baba yake hili na lile. Walikaa mpaka chai ikaisha. Mimi nilisikia kupitia sakafuni kicheko ambacho sijapata kukisikia nyumba ile. Alipoondoka, Mzee alipanda ngazi zangu, akasimama kama mtu aliyekuja kukopa chumvi.

"Mama Tanga. Ameuliza itakuwa tayari lini."

"Nawe umemjibu nini?"

"Nimemwambia wiki mbili."

"Mzee! Wewe?"

"Mtoto akikunyea kiganjani, hukati kiganja," akasema, akashuka.

Basi akapika. Pombe ya kopo haina kazi kubwa: unamimina ile asali kwenye maji yanayochemka, unatia yale maua machungu ya kutilia bia, unapoza, unatia hamira, unafunika. Wiki mbili zilipokwisha Wekesa akaja, akala ugali na sukuma wiki, akanywa. Akarudi Jumamosi nyingine. Mzee alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya hofu, maana ilikuwa pombe kweli na kijana alikuwa anakunywa juu ya nyingine aliyokwisha kunywa njiani. Jumamosi moja alianguka kwenye ngazi za nje akapasuka juu ya jicho. Tulimshika wawili, damu kwenye koti langu jeupe la kazi.

Baada ya hapo akajaribu ujanja. Akapika kopo moja kwa maji ya makopo mawili. Wekesa akatia mdomoni, akatema kwenye sinki. "Buda, hii ni maji ya kuosha sufuria." Akavaa koti akaenda zake. Hakurudi wiki tatu, na wiki zile Mzee alikuwa akitoka kazini analizungusha lile basi tupu kupitia Columbia Heights, anatazama tu, hasimami.

Hapo ndipo akaamua kuhamia kwenye nafaka. Yeye, aliyekikimbia kimea.

Alikwenda kwenye duka la vifaa vya wapika bia, akamwambia muuzaji, kijana mwenye ndevu, kwamba anataka pombe nzito, chungu, yenye povu, isiyo na nguvu. Kijana akadhani ni mzaha, wateja wake wote wanataka kinyume. Lakini akamweleza, na Mzee akanieleza mimi akichora kwa kidole mezani. Kopo ni kitu kilichokwisha kupikwa kiwandani, nguvu yake imeamuliwa na wenyewe. Nafaka unaamua wewe. Ukiloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto wa kadiri, inatoka sukari ambayo hamira inaila yote, na pombe inakuwa kali. Ukizidisha moto kidogo tu, inatoka sukari ya namna nyingine. Hamira inaionja inaiacha, na pombe inabaki nzito mdomoni lakini kilevi ni kidogo.

"Unaona, Mama Tanga? Anakunywa, anashiba, halewi. Na kila mwezi naongeza moto na kupunguza nafaka. Polepole. Kama kumwachisha mtoto ziwa."

Macho yalimng'aa, wallahi. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tuishi pamoja. Nikamwuliza na vyombo je, maana wenzake wanaopika hivyo wana mitambo ya chuma inayowaka taa. Akatabasamu upande mmoja. Sanduku la kubebea barafu, lile la pikiniki, alilipata uani kwa watu kwa bei ya soda, gurudumu moja halipo. Ukutani mwa sanduku akatoboa tundu la bomba. Ndani yake akaweka bomba la kuunganishia maji ya choo, jipya, nawahakikishieni nilimwuliza, lile lililofumwa nyuzi za chuma kwa nje. Alilichuna plastiki ya ndani, ukabaki ule wavu mtupu, ukawa chujio. Sufuria ni ya majirani zetu wa El Salvador, ya kupikia tamale, ile mikate yao ya mahindi, siku za harusi, na kwao pia alipata kinu cha mkono cha kusagia mahindi. Mtambo mzima ulikaa juu ya kiti cha plastiki bafuni.

Siku ya kwanza ilikuwa msiba mtupu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye treni. Kwao Bungoma kimea kinasagwa unga. Mama yake alisaga unga, bibi yake alisaga unga. Basi Mzee alikaza kinu mpaka mwisho akasaga ile shayiri laini kabisa, unga wa kupikia mtoto uji. Akaimimina kwenye sanduku na maji ya moto, akafunika, akangoja, akaimba nyimbo zake. Akafungua bomba. Ikatoka puu moja, basi. Akapuliza kwa mdomo. Akapiga sanduku teke. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Nilipofunua kifuniko sikujizuia. "Mzee, hongera. Umepika ugali."

"Usicheke, Mama Tanga. Ni Alhamisi. Wekesa amekubali kuja tena baada ya wiki mbili, lazima hii kitu iingie kwenye ndoo leo."

Nikaacha kucheka. Nikapanda juu nikateremka na kanga kuukuu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekamua tui la nazi tangu sijajua kufunga kamba ya kiatu, na uji mzito si kitu kwangu. Tukachota, tukatia kwenye kanga, tukashika huku na huku tukasokota. Majimaji yakatoka, ya rangi ya chai ya maziwa, yananata vidoleni. Mchana kutwa tulisokota, mlokole na mwanamke wa kiislamu, ndani ya bafu, tunakamua pombe.

"Tukifa tutaulizwa, Mzee," nikamwambia.

"Ulizwa wewe. Mimi nitasema nilikuwa nakusaidia kufua kanga."

Baadaye alijifunza kuwa shayiri haisagwi, inapasuliwa tu, ganda libaki, kwa sababu ganda ndilo linalopitisha maji. Lakini kinu alikilegeza kwa shingo upande, akinung'unika kwamba mama yake angemwona angemchapa.

Jambo moja lilinishangaza siku zote. Hakuionja. Hata tone. Mimi sionji kwa dini yangu, yeye haonji kwa nadhiri yake, basi pombe ilipikwa na watu wawili ambao hakuna aliyejua ladha yake. Alikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, anakitumbukiza kabla ya kutia hamira na baada ya wiki mbili, anapiga hesabu, anajua nguvu. Ulimi hakuutumia. Nilimwambia, "Mpishi asiyeonja atakuja kulisha watu chumvi." Akasema, "Nikionja tone, nitataka pipa. Najijua."

Sasa nije kwenye kanisa, ingawa sipendi kukumbuka.

Walikuja kumi au zaidi, mchana wa Jumapili, maombi ya nyumba kwa nyumba. Mzee aliomba nimpikie maandazi, nami nilikuwa jikoni kwake nayapanga kwenye sahani. Ndoo ilikuwa chumbani nyuma ya mlango, imefunikwa shuka. Mchungaji akaanza kuomba, wote wamefumba macho, kimya. Na kwenye kimya kile, ndoo ikaanza kuongea. Blu. Blu. Blu. Hamira ilikuwa changa, ina nguvu zake. Mama mmoja akafumbua jicho. Mchungaji akaendelea kidogo, akanyamaza, akafuata sauti, akafungua mlango, akafunua shuka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni pombe."

"Ya nani?"

Mimi nilikuwa na sahani mkononi. Nikafungua mdomo niseme, maana nilijua, na neno moja lingemwokoa. Mzee akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Nikafumba.

"Ni yangu," akasema.

Wakamvua uzee Jumapili iliyofuata, mbele ya watu wote, yeye aliyewaka moto juu ya walevi. Mtu mzima na mvi zake. Aliporudi nilimfokea, nilifoka kweli, nikamwambia angesema ni ya mtoto, angesema ni dawa, angesema lolote. Alikuwa anavua viatu.

"Wakijua ni ya Wekesa, wataanza kumwombea kwa jina lake kila Jumapili," akasema. "Atasikia. Hatakuja tena."

Jumapili ya pili alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pa wageni na wenye watoto wanaolia. Hakukosa hata mara moja. Maandazi yangu yale hakuna aliyeyala. Niliyala mimi wiki nzima kwa hasira.

Wekesa alizipata habari kwa kinyozi Mkongo, ambaye kwake habari hazilali. Jumamosi alikuja mapema. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi zangu, mikono katikati ya magoti, hanukii kitu.

"Auntie, ni ukweli? Walimtoa juu ya hiyo beer?"

"Ni kweli."

"Na akasema ni yake?"

"Akasema ni yake."

Akainuka. Akashuka kwa baba yake, na kupitia sakafuni nilisikia Mzee anammiminia, kisha Wekesa akisema kwa sauti ya furaha, "Wacha! Leo imenishika, Baba!" Na Mzee akacheka.

Tangu siku ile hakulalamika tena. Kila Jumamosi alikuja, karibu miaka miwili. Mzee aliendelea kuongeza moto na kupunguza nafaka, akinong'oneza nikikutana naye kwenye ngazi kwamba kipimo kimeshuka tena na kijana hajagundua. Kule chini waliongea. Mzee alimsimulia habari za mama yake mpika busaa na mitungi yake, vitu ambavyo hata mimi sikuwahi kuambiwa. Wekesa alimfundisha kutumia simu ya mkononi. Walibishana juu ya mpira. Jioni Mzee alimsindikiza mpaka ngazi za nje, na kijana alipanda akiyumba, ameshika ukuta, anaimba, "Imenishika, Baba, imenishika!" Baba mtu akisimama mlangoni mpaka apotee. Mimi dirishani nilikuwa namwona zaidi. Akishapita kona ya kanisa la Waadventista, ananyooka. Anatia mikono mfukoni, anatembea wima kama askari mpaka stesheni. Nilijisemea kijana ana kichwa kigumu, nikaendelea na mambo yangu.

Nywele zake zikaanza kuchanwa. Akapata kazi ya kupakua mizigo, na safari hii haikumponyoka. Mzee alinenepa. Nilidhani, jamani, nilidhani tumeshinda.

Kisha macho ya Wekesa yakawa njano. Ini lilikuwa limekwisha kuharibika zamani, tangu zile chupa za nje ya stesheni, kabla hata ya kopo la kwanza. Daktari alisema angeacha miaka mitano nyuma, labda angepona. Alilazwa majira ya kuchipua, miti ya mtaa wetu imejaa maua meupe, na hakutoka. Niliingia kumwona mara moja. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Auntie, msaidie kupika. Asikae bure Jumamosi." Nikadhani homa inasema.

Kanisa lilikuja lote. Lazima niwape haki yao, walilia na walichanga pesa za kusafirisha mwili, na mchungaji alimshika Mzee mkono njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Mzee alimpeleka mwanawe Bungoma akarudi. Sikuuliza kwa nini amerudi. Baada ya hapo sikusikia wimbo kutoka chini, wala harufu. Kimya cha chumba kile kiliniua, nikapata kazi Springfield, ng'ambo ya pili ya Washington, nikahama. Ndiyo, nilikimbia, na moyo wangu haukupona kwa kukimbia.

Nilikuja kumwona tena mwaka wa pili. Alinipigia simu, akasema nyumba inauzwa, naye anarudi kwao moja kwa moja, nije kuchukua sufuria kubwa, haipaswi kutupwa. Nikapanda treni kutoka Springfield, nikabadilisha, nikashuka Takoma, nikatembea njia ileile.

Alikuwa amekonda, kofia inamzidi. Chumba kitupu, masanduku mawili yamefungwa kamba. Lile la barafu lilikuwa mlangoni, tayari kwa kutupwa, gurudumu lake moja vilevile. Na juu ya meza, chupa sita za bia zisizo na karatasi.

"Ni za mwisho," akasema. "Nilizitia kwenye chupa wiki aliyolazwa. Siwezi kumwaga, Mama Tanga. Na siwezi kubeba."

"Tufanyeje, Mzee?"

"Keti. Kwetu mtu hanywi peke yake."

Nilishtuka, nikamwambia nadhiri yako je, akasema Mungu anamjua. Akajimiminia kwenye glasi ya Wekesa, ile yenye ufa. Mimi akanitilia maji.  Akanusa, akafumba macho, akanywa, mtu yule ambaye hakuwa ameonja miaka thelathini.

Akaiweka glasi chini. Akanywa tena, akaisukuma huku na huku mdomoni, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Akamaliza. Akafungua ya pili, akaimaliza, na ya tatu. Tukakaa, tunangoja imshike. Tukangoja sana. Basi la mtaani likapita, likapita jingine.

"Mama Tanga," akasema, "hii si kitu."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haina kitu. Ni uji. Mimi nimekunywa chang'aa, naijua pombe inavyoingia. Mlevi hawezi kudanganywa na hii. Hata akiwa na homa. Funda moja tu angejua." Akainua glasi tupu akaitazama kwenye mwanga. "Wekesa alijua."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sababu ilikuwa haki yake. Nikamwambia kwamba kila Jumamosi akishapita kona alikuwa ananyooka, anatembea wima mpaka stesheni, wala hagusi ukuta.

"Wima?"

"Wima, Mzee. Kila mara."

Hakulia kama watu wanavyolia. Mdomo ulifunguka, sauti haikuja, na mabega yakaanza kwenda. Nikamshika mkono, na mimi machozi yananishuka kwenye ushungi, sikuyafuta. Miaka miwili kijana yule alipanda treni, akabadilisha, akatembea, kuja kunywa uji na kuyumba mlangoni ili baba yake afurahi.

Alipotulia alifungua chupa moja tena. Akaitia yote kwenye glasi, povu likapanda likashuka. Akasimama. Akainywa akiwa amesimama, bila kupumua, akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akaelekea mlangoni, ameshika ukuta, anayumba, mzee wa watu, anayumba kwa miguu isiyolewa hata kidogo, mpaka akafika kizingitini akatazama ngazi.

"Imenishika, baba," akasema. "Leo imenishika."